Baba wa Upande wa Mume

Asubuhi ile ndugu wawili wa tumbo moja waliingia katika ofisi ya uhamiaji mjini Njombe, kila mmoja na mwenzi wake wa ndoa, kila mmoja na bahasha ya kaki kwapani. Praygod Mlowe alikuwa na mkewe Jasmine, binti wa Nakonde upande wa Zambia, aliyemuoa mwaka uliopita tu. Dada yake Eveline alikuwa na mumewe Timoth Mhango, Mmalawi, ambaye amezaa naye watoto watatu, na mkubwa wao Emilia tayari yuko sekondari. Ungemuuliza mtu yeyote mwenye akili timamu ni nani kati yao atakayetoka mle na karatasi ya maana mkononi, angekujibu bila kufikiri, na angekosea.

Praygod alihudumiwa kwanza. Afisa wa mezani, mwanamama mtaratibu waliyemwita Afande Consolata, alimpa Jasmine fomu ya mke wa raia anayeomba uraia. Akamweleza habari za barua ya serikali ya mtaa, picha, cheti cha ndoa, na ngazi ambazo maombi yatapita kuanzia kata hadi mkoa. Alimtania hata kidogo kuhusu baridi ya Njombe, akamwambia anunue sweta zito kabla hajanunua bendera. Jasmine akacheka, Praygod akacheka, na Eveline naye akacheka, maana aliamini zamu yake itakuwa hivyo hivyo.

Zamu yake ilipofika, afande alitazama pasi ya Timoth, akamtazama Eveline, akarudisha kalamu mezani. Fomu ile, alisema, ni ya wake. Mwanamke wa nje akiolewa na Mtanzania, sheria imemfungulia njia yake. Mwanamume wa nje akimuoa Mtanzania, anajipanga na wageni wengine wote, aanze na kibali cha ukaazi kwa masharti yao, ahesabu miaka, asubiri. Ndoa yake haimpunguzii hata hatua moja.

"Afande, huyu ni mdogo wangu," Eveline alisema. "Tumezaliwa nyumba moja, tumebatizwa kanisa moja. Ndoa yake inafaa na yangu haifai?"

"Sheria si mimi niliyeitunga, mama."

Na kweli hakuitunga. Hilo ndilo linalochoma roho katika mambo haya. Kila unayemkuta mezani hakuitunga, na kila mmoja anaitekeleza, na aliyeitunga humwoni umpe za uso. Mtu anaambiwa mbele ya kaka yake mdogo kwamba damu yake ni nyepesi kuliko ya kaka yake, kisha anatakiwa aseme asante afande na kufunga mlango polepole. Jasmine, maskini, aliikunja ile fomu yake mara nne na kuificha kwenye mkoba, kana kwamba ameiba kitu.

Timoth hakuwa mtu wa kujificha. Alifika Makambako akiwa kijana, utingo wa lori lililovunjika springi kwenye makutano ya barabara, na tajiri wa lori alipochelewa kuleta fedha, yeye akabaki na fundi aliyekuwa akilitengeneza ili asife njaa. Akajifunza kazi. Leo madereva wa kutoka Tunduma hadi Dar wanamjua. Akiinama chini ya lori anajua springi ipi imechoka kabla hajaigusa. Miaka yote hiyo alifuata utaratibu kadiri alivyouelewa: muda wa kukaa ukikaribia kwisha, anapanda gari hadi mpakani Kasumulu, anavuka, anagongewa muhuri, anarudi kwa mkewe kama mtalii. Safari ya mwisho afisa wa mpakani alifungua pasi ile iliyojaa mihuri akamwambia waziwazi kwamba hii ni ya mwisho. Wewe si mtembezi, alimwambia, wewe unaishi huko, nenda kahalalishe. Ndiyo maana walikuwa Njombe. Walikuja kwa miguu yao kusema ukweli.

Afande Consolata hakutaka kuwafukuza mikono mitupu. Alisema ataangalia vielelezo vyao ili awaelekeze kwenye kibali kinachofaa. Akafungua bahasha, akatoa cheti cha ndoa cha usharika, akasoma. Akasoma tena. Kisha akakigeuza kuelekea kwao na kuweka kidole chini ya mistari miwili. Baba wa mke: Ambrose Mlowe. Baba wa mume: Elieza Mlowe.

Akauliza kama hao Mlowe wawili ni ndugu. Eveline akajibu bila wasiwasi wowote kwamba ndiyo, ni kaka na mdogo wake, wa baba mmoja mama mmoja. Alishangaa kuona uso wa afande unabadilika.

Hapa inabidi nieleze, maana asiyejua mila za kule anaweza kudhani hawa watu ni wendawazimu. Kwao Eveline posa haipokewi kutoka kwa mtu aliyesimama peke yake. Lazima awe na mkubwa wa kumsemea, mtu atakayeitwa ndoa ikiyumba, atakayepewa lawama binti akipigwa, atakayepelekewa kuku mtoto akizaliwa. Timoth alipokuja kuposa hakuwa na mtu. Baba yake alikufa maji ziwani yeye akiwa mdogo, mama yake alikuwa mgonjwa huko ng'ambo, na wajomba hawakuwa na njia ya kufika. Mzee Elieza, baba mdogo wa Eveline, ndipo akainua kigoda chake, akavuka chumba, akaketi upande wa mume. Akatangaza kwamba kuanzia sasa kijana huyu ana baba, na mwenye neno na aseme naye.

Si kwamba alikaa tu pale kama picha. Alibishana na kaka yake mwenyewe kuhusu mahari mpaka pombe ya ulanzi ikaisha kwenye kibuyu, akisema binti huyu mkaidi, hajui kupika, na yeye anamjua tangu utotoni. Mashangazi walicheka mpaka machozi. Na tangu siku ile Eveline alikatazwa kumwita baba mdogo. Akawa mkwe. Alimwamkia kwa mbali, "Kamwene, baba," bila kupeana mkono, na hakula naye meza moja tena. Mzee naye aliubeba ubaba ule kikwelikweli. Timoth alipougua homa ya matumbo, ni Elieza aliyekaa naye wodini. Alipomfokea mkewe mwaka fulani, ni Elieza aliyepanda gari kutoka kijijini kuja Makambako kumkalisha chini.

Siku ya harusi mchungaji alipouliza jina la baba wa bwana harusi, Elieza alijibu kutoka benchi la mbele, "Ni mimi," na kanisa zima likapiga makofi. Mchungaji akaandika. Nani angewaza kwamba kuna siku makofi yale yataitwa udanganyifu?

Afande Consolata alieleza polepole. Kwa cheti hiki kuna mambo mawili tu. Ama Elieza Mlowe ndiye aliyemzaa Timoth, na kama ndivyo Timoth ni mtoto wa Mtanzania, hana haja ya kibali chochote. Waje na kiapo na cheti cha kuzaliwa. Au Elieza hakumzaa, na kama ndivyo cheti hiki kina taarifa ya uongo, na mtu aliyekitumia hawezi kupewa kibali akiwa ndani ya nchi. Atatakiwa aondoke, aombe akiwa kwao, na hakuna wa kumhakikishia atajibiwa lini wala atajibiwa nini. Alibaki na pasi ya Timoth, akawataka warudi na huyo mzee wiki inayofuata.

Jioni familia ilijaa nyumbani kwa Mzee Elieza. Praygod alikuja, mashangazi wakaja, na kila aliyefungua mdomo alisema jambo lile lile: mzee aape. Kosa liko wapi? Si baba yake? Nani mwingine amekuwa baba yake miaka yote hii? Praygod alimjua kijana mmoja Makambako, Brayson, mwenye duka la steshenari, hodari wa kuandaa viapo na kufuatilia vyeti vya kuzaliwa vilivyochelewa. Mzee Elieza mwenyewe alisema yuko tayari hata kesho.

Eveline alikuwa amefura kwa hasira. Hakuwa na hasira na ndugu zake, walikuwa wanamtakia mema. Alikasirishwa na jinsi mlango ulivyokaa. Walipobisha na ukweli, mlango ulifungwa. Sasa uongo ulikuwa bado haujatoka hata nyumbani, na mlango ulikuwa tayari wazi ukiusubiri. Angemwambia nani? Akamgeukia mumewe, akitegemea kwamba yeye atakataa.

"Mama Emilia," Timoth alisema, "mimi nimechoka kuhesabiwa siku kwenye nchi ya watoto wangu. Kama jina la Mlowe litanifanya nilale usingizi, nipeni."

Alilisema bila kumtazama. Mwanamume aliyesafiri ziwa zima kwenda kumzika mama yake na kurudi na udongo wa kaburi kwenye kitambaa, leo anaomba apewe baba wa karatasi. Eveline akasema sawa.

Brayson alifanya kazi yake kwa furaha, kama mtu anayetunga wimbo. Kwanza alihitaji hadithi, maana kiapo bila hadithi hakisimami. Basi akaandika kwamba Elieza Mlowe, akiwa kijana, alifanya vibarua Ludewa karibu na ziwa, na huko akakutana na mwanamke wa Kimalawi aliyekuwa anapita, wakapata mtoto wa kiume, na mwanamke huyo akaondoka na mtoto bila kuaga. Alipoisoma kwa sauti hapo dukani, wateja wa fotokopi wakisikiliza, Mzee Elieza alivua kofia. Alikuwa mzee wa kanisa na hakuwahi kukanyaga Ludewa maishani mwake. Timoth aliangalia barabarani malori yakipita. Mama yake, aliyemlea peke yake kwa kuuza dagaa, ameshakuwa mwanamke aliyekuwa anapita.

Eveline alikisikia hicho na bado akanyamaza. Nasema hivi ili msije mkadhani alikuwa shujaa. Alitaka mumewe abaki. Angevumilia Ludewa, angevumilia na mengine.

Wakapanda ngazi hadi kwa wakili. Ofisi ilikuwa safi, wakili kijana mwenye miwani, hana makuu. Aliusoma waraka, akamwambia mzee anyanyue mkono wa kulia, kisha akasita kidogo kwa sababu alihitaji mtu wa ukoo wa kushuhudia. Praygod akamsukuma dada yake mbele. Wakili akauliza uhusiano wake na mwapaji. Eveline akajibu kwamba huyu ni mdogo wa baba yake mzazi.

"Vizuri," wakili alisema huku akiandika. "Kwa hiyo huyu Timoth ni kaka yako."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anajaza nafasi. Lakini Eveline alishika ukingo wa meza, maana kwao mtoto wa baba mdogo haitwi jina lingine lolote; ni kaka, basi. Katika siku zote zile za kuzungushwa, hakuna hata mmoja wao aliyefika na mawazo pale. Walikuwa wamezoea ubaba wa Elieza ule wa kigoda, ambao unakupa mkwe. Huu wa wakili ulikuwa wa damu. Mzee akishaapa, Timoth anakuwa raia, na Emilia na wadogo zake wanakuwa watoto waliozaliwa na kaka na dada. Ili abaki nchini, ilibidi aache kuwa mume wake.

"Baba," Eveline alisema, "teremsha mkono."

Mzee Elieza aliuteremsha haraka, kama aliyekuwa akingoja kuambiwa. Praygod akaanza kulalamika kwamba hii ni karatasi tu, kijijini kila mtu anajua ukweli. Eveline akamgeukia. Alimwambia yeye mkewe amepewa fomu bila kuulizwa amezaliwa na nani, kwa hiyo akae kimya. Yeye alikuwa tayari kusema uongo wowote juu ya Ludewa na juu ya wazee, lakini hatatia sahihi kwamba wanawe ni laana. Timoth aliuchukua waraka mezani, akauchana katikati ya yale maneno kuhusu mama yake, akamwomba wakili radhi kwa usumbufu.

Walirudi Njombe siku waliyopangiwa, Eveline, Timoth na mzee, bila kiapo. Mzee Elieza alimweleza Afande Consolata yote, kigoda, ulanzi, mabishano ya mahari, jibu alilompa mchungaji. Alieleza kwa Kiswahili chake cha shule ya zamani, na alipokwama akaingiza Kibena, na Eveline akashangaa kuona afande anaitikia bila kutafsiriwa. Alipomaliza, afande aliweka kalamu chini. Kisha akasema naye kwao ni Makete, jirani tu na hapo, na kwamba dada yake mkubwa aliolewa hivyo hivyo, na mtu aliyesimama upande wa mume alikuwa jirani. Alisema anaamini kila neno la mzee.

"Basi kama unaamini," Eveline aliuliza, "kwa nini unamfukuza?"

Afande alijibu kwamba faili halina mahali pa kuandika kile anachoamini yeye. Usharika unaweza kurekebisha cheti, na walianze hilo leo. Timoth anaweza kuomba kutokea kwao, kama mgeni yeyote mwenye kazi na sifa nzuri. Lakini kwa sasa ataandikiwa hati ya kuondoka, na atashukuru kwamba hapelekwi mahakamani. Alisema yote kwa sauti ya upole, na upole ule ulimuumiza Eveline kuliko angefokewa. Afadhali mtu mbaya, angalau ungemchukia ukapumua. Huyu alikuwa mtu mwema anayemvunjia nyumba yake kwa adabu.

Hati ikaandikwa. Timoth akatia sahihi yake, herufi kubwa kubwa za mtu aliyezoea nyundo. Chini yake palikuwa na mstari mwingine: mwenyeji wa mgeni, anayethibitisha kwamba mgeni ataondoka kabla ya muda kwisha. Afande akamsogezea Eveline kalamu.

Eveline alisoma neno lile, mwenyeji. Alimlisha mtu huyu, alimzalia, alimwosha vidonda vya moto wa karakana, alilala ubavuni mwake miaka yote ya baridi, na serikali yake imemtafutia neno moja linalomtosha pia mwenye gesti. Akalikata kwa mstari mmoja, akaandika juu yake: MKE. Halafu akatia sahihi.

Afande alisema fomu hiyo haina sehemu ya mke, sasa imeharibika. Akatoa nyingine, akaijaza upya tangu mwanzo, Timoth akatia sahihi tena. Eveline akaandika neno lile lile. Afande akatoa ya tatu. Nje foleni ilikuwa ndefu na watu walianza kuguna. Mzee Elieza aliinamisha kichwa, midomo yake inacheza kama anaomba. Eveline aliandika kwa mara ya tatu, taratibu, akikandamiza kalamu hadi karatasi ikaanza kutoboka.

Afande Consolata aliitazama kwa muda mrefu. Hakufungua droo. Alichukua muhuri, akaupuliza, akaugonga juu ya neno lile. Ikawa ndiyo karatasi ya kwanza ya ofisi ile kukubali kwamba Eveline Mlowe ni mke wa Timoth Mhango, na ilikuwa ni karatasi ya kumwondoa.

Eveline aliomba nakala yake. Akapewa.